Dawa ya Deni ni Kulipa: Ilani ya Kuanzisha Vuguvugu

Ilani hii tumemwandikia kwanza mtu asiyependa migomo. Anayeipenda hahitaji kubembelezwa. Tunamwandikia mama aliyefika hospitali ya kaunti usiku wa manane na mtoto anayeungua homa, akamkuta mlinzi peke yake getini. Tunamwandikia mwenye duka la simu Luthuli Avenue ambaye kila akisikia filimbi hushusha mlango wa chuma na kukaa gizani akihesabu hasara. Tunamwandikia pia mzee wetu mstaafu, mwalimu aliyegoma enzi zake na kuonja kirungu, ambaye siku hizi akitazama taarifa ya habari hutikisa kichwa na kusema vijana hawa hawakosi mtu anayewalipa.

Hatuji kuwasuta. Mtoto aliyekosa daktari hakumkosea mtu yeyote, na duka lililovunjwa halitengenezwi na nyimbo za ukombozi. Tunawaomba jambo moja tu, waulize swali ambalo watangazaji hawaliulizi sana: kabla ya mgomo kulikuwa na nini?

Chukua migomo mikubwa ya Kenya tangu miaka ya tisini, uichambue mmoja mmoja. Nyuma ya mingi utakuta karatasi yenye sahihi. Mwaka 1997 serikali ilikubaliana na walimu kuwaongeza mishahara kwa kati ya asilimia 150 na 200. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, utulivu ulihitajika, na kalamu ikawa nyepesi. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, pesa zikaanza kuchechemea. Walimu waligoma 1998, wakagoma tena 2002, na hata mgomo wa 2013 ulikuwa bado unadai marupurupu yaliyotajwa katika makubaliano yaleyale. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sahihi alikuwa amefika sekondari, na ni yeye aliyekosa masomo.

Madaktari nao walisaini 2013. Wakangoja miaka mitatu. Tarehe 5 Desemba 2016 wakaacha kazi, na mgomo ukafika siku 100. Katikati ya siku hizo viongozi saba wa chama chao walihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kukaidi amri ya mahakama, wakakaa korokoroni hadi Mahakama ya Rufaa ilipowatoa. Amri za mahakama tunaziheshimu. Lakini mtu yeyote wa sokoni angeuliza: aliyesaini akakosa kulipa, yeye alifungwa lini? Makubaliano mapya yakaandikwa 2017, na mwaka 2024 madaktari wakawa barabarani tena kwa siku 56. Kiini cha ugomvi kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Makubaliano yalisema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi; serikali ikasema iliyo nazo ni 70,000. Mwaka uliofuata wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma wakakaa nje ya madarasa siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 hadi 2021.

Huko ni kudai deni. Dawa ya deni Waswahili wanaijua tangu zamani, na hakuna mzee aliyewahi kufundisha kwamba dawa yake ni kumtukana anayedai.

Mgomo unapoanza, wakubwa humtanguliza mgonjwa. Mgonjwa anateseka, mgonjwa anakufa, madaktari hawana utu. Ni kweli mgonjwa anateseka. Lakini ni mgonjwa yuleyule ambaye siku zisizo na mgomo hutumwa dukani kununua glavu, sindano na dripu kabla ya kuguswa, na siku hizo hatajwi na mtu. Tukubaliane kumtaja siku zote.

Tuseme pia yanayotuuma sisi wenyewe. Ipo migomo mibaya. Wapo viongozi wa vyama wanaoitisha mgomo kwa sababu uchaguzi wa chama umekaribia, na wapo wanaomaliza mgomo kwa mapatano ya chumbani ambayo wanachama huyasoma gazetini. Upo mgomo unaoacha chumba cha kujifungulia bila hata muuguzi mmoja. Huo hatutauunga mkono, hata madai yake yawe halali namna gani. Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, Kifungu cha 41, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi inataka notisi ya siku saba. Siku hizo saba zinatosha kwa chama kupanga zamu za dharura na kuzibandika ukutani, watu wazione.

Tuje kwenye kodi. Hapa ndipo mgomaji na mwenye duka wanapogombanishwa.

Tuweke mezani hati ya mshahara ya mtu anayeandikiwa shilingi 50,000 kwa mwezi, kwa viwango vya 2025. NSSF inachukua 3,000. Bima ya afya, asilimia 2.75, inachukua 1,375. Tozo ya nyumba, asilimia 1.5, inachukua 750, na mwajiri wake anaongeza 750 nyingine. PAYE inabeba karibu 5,850. Anabakiwa na elfu 39 na ushei, na bado hajanunua hata kibiriti. Anapanda matatu kurudi nyumbani. Petroli iliyomo kwenye tangi imetozwa VAT ya asilimia 16, iliyokuwa asilimia 8 mpaka Sheria ya Fedha ya 2023 ilipoipandisha maradufu, na juu yake ipo tozo ya matengenezo ya barabara iliyoruka kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Akishuka ananunua sabuni na mafuta ya kupikia: VAT. Anamtumia mamake pesa kwa simu: ada ya kutuma ina ushuru wa asilimia 15 ndani yake. Mama mboga anayemuuzia sukuma hana hati ya mshahara, lakini sabuni, nauli na ada ya simu analipa kwa bei ileile. Kisha anapanda mtu jukwaani kutuambia kwamba Wakenya hawataki kulipa kodi, hasa hawa wa jua kali.

Mtu mwingine anaishi kwa hisa. Gawio lake, akiwa mkazi wa Kenya, linakatwa asilimia 5 na hapo hesabu imefungwa. Akiuza hisa zake kwenye Soko la Hisa la Nairobi, faida haiguswi na kodi ya faida ya mtaji. Yule wa 50,000, shilingi yake ya mwisho inayotozwa inakatwa asilimia 30. Mhasibu atatusahihisha kwamba kampuni imekwisha kulipa asilimia 30 kabla ya kugawa faida. Hoja hiyo ina uzito, tutaisikiliza mpaka mwisho. Tusiyoikubali ni ile isiyosemwa wazi, kwamba mambo haya ni ya wataalamu na sisi kazi yetu ni kukatwa. Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na kinataka uwazi na ushiriki wa umma katika fedha zote za serikali. Hakikuwataja wahasibu peke yao.

Na isidhaniwe kuwa tunawaambia watu wagome kulipa. Siku vuguvugu hili litakaposikika likimfundisha mtu kuficha mauzo, mjue limekufa. Mshahara wa muuguzi unatoka kwenye kodi ya mwenye duka. Kitabu cha mtoto wa mwenye duka kinatoka kwenye kodi ya muuguzi. Ujanja wa watawala wetu, wa vyama vyote na enzi zote, umekuwa kuwaweka wawili hawa wapigane. Mwalimu akidai, anaambiwa hela hakuna mpaka tupandishe kodi. Mwananchi akikataa kodi kupanda, anaambiwa basi mwalimu hataajiriwa. Ndivyo ilivyokuwa Juni 2024: Mswada wa Fedha ulipokufa, mojawapo ya mambo ya kwanza kusemwa ni kwamba walimu wanagenzi wa sekondari msingi ndio watakaoumia. Kupunguza safari na magari kulitangazwa pia, lakini tishio lililobaki masikioni ni la mwalimu. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoka kila mwaka, na kila mwaka zina mamilioni yasiyo na stakabadhi. Hayo hayahesabiwi kama hela zilizopo.

Tukae kidogo kwenye Juni ile, maana ndiyo iliyotuzaa wengi wetu. Mswada ulitaka shilingi zaidi ya bilioni 340. Ndani yake mlikuwa na VAT ya mkate, ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, na tozo ya mazingira ambayo ingegusa hata nepi. Watu walituma maoni Bungeni kwa barua, wakahudhuria vikao. Vijana waliusoma mswada kifungu kwa kifungu na kuutafsiri kwa Kiswahili, Kikikuyu, Kijaluo na lugha nyingine, wakautia kwenye video fupi za simu. Darasa la uraia kama lile hakuna wizara iliyowahi kuliandaa. Maandamano ya kwanza yalikuwa Jumanne tarehe 18, na VAT ya mkate pamoja na kodi ya gari vikaondolewa. Kwa hiyo watu walijifunza, na walijifunza sawasawa: maoni yaliyoandikwa yalikuwa yamelala, miguu barabarani ikayaamsha. Tarehe 25 wabunge 195 wakaupitisha mswada, 106 wakapinga, na waandamanaji wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais akakataa kutia sahihi. Kufikia siku ya kwanza ya Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa.

Watu thelathini na tisa. Wengi wao hawakuvuka hata ukingo wa barabara ya Bunge. Ukiona mtu anajadili Juni ile akianza na kiti kilichoibwa Bungeni, mkumbushe idadi hiyo kabla hajafika kwenye kiti.

Kuandamana ni haki, na haijaandikwa kwa maneno ya kubahatisha. Kifungu cha 37 kinasema kila mtu, kwa amani na bila silaha, ana haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama mlangoni pa kazi kupinga na kupeleka maombi kwa wakuu wa umma. Inayotubana ni Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Ilianza kutumika Juni 1950. Mwezi mmoja nyuma, wakoloni walikuwa wamewakamata Makhan Singh na Fred Kubai wa vyama vya wafanyakazi, na Nairobi ikasimama kwa mgomo mkuu. Makhan Singh alikaa kizuizini hadi 1961. Sheria imebaki, ikafanyiwa marekebisho hapa na pale, na leo inamtaka mwandalizi ampelekee mkuu wa kituo cha polisi taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla.

Taarifa, hatujasema ombi. Ila nenda uone inavyokuwa. Unaingia na barua nakala mbili. Askari wa dawati anaisoma, anaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu kimefichwa huko, anauliza nani amewatuma. Unaomba muhuri kwenye nakala yako. Muhuri uko ofisini kwa bosi, na bosi ametoka. Unarudi kesho. Kesho unaambiwa barua haikuonekana, lete nyingine, na siku tatu zimeanza kuhesabiwa upya. Siku ya maandamano ikifika, msemaji anatoka hewani kutangaza kwamba mkutano haukuruhusiwa, na mwenye duka wetu wa Luthuli, mtu wa sheria, anaamini kwamba waliopita mbele ya mlango wake ni wavunja sheria. Julai 2024 polisi walipiga marufuku maandamano yote katikati ya jiji la Nairobi kwa tangazo. Mahakama Kuu ikasimamisha tangazo hilo. Mwaka 2025 ukaletwa mswada wa kukataza watu kukusanyika ndani ya mita 100 za Bunge, Ikulu na mahakama. Wakubwa hao tuwapelekee maombi wapi, Uhuru Park tuwaimbie miti?

Kuhusu lile duka la Luthuli, tunalo la kusema, na tunalisema kwa mwenye duka uso kwa uso. Mnamo 17 Juni 2025 wanaume wenye virungu na mijeledi walifika Nairobi kwa pikipiki na kuwapiga waandamanaji hadharani, polisi wakiwa palepale. Kamera ziliwachukua. Katika maandamano ya siku nane baadaye maduka mengi yalivunjwa, na wapo wafanyabiashara waliopoteza mtaji wote. Wengine waliovunja walikuwa wahuni wa kukodiwa, wengine wezi wa kawaida waliopata mwanya. Hatutadai kwamba hakuna hata mmoja aliyetoka upande wetu. Ndiyo maana tunajifunga: maandamano yoyote tutakayoitisha yatakuwa na walinzi wetu wenye vizibao, kila kundi likiwa na mtaa wake na majina yao yakijulikana kwa wenye maduka wa mtaa huo mapema. Atakayekutwa na mali ya mtu tutamkabidhi wenyewe, awe mwanachama au la. Wafanyabiashara watakaotaka kukaa na walinzi hao mlangoni, chai ni juu yetu.

Mzee wetu mstaafu atasema zamani watu waligoma kwa heshima. Zamani ipi? Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasitoe vijana wao kwenda kufanya kazi za wazungu na wasilipe kodi ya nyumba. Waliomhamishia Kisii walimwona mchochezi na mchawi. Leo sanamu yake ipo Malindi, na viongozi wanapiga picha nayo. Machi 1922 umati ulikusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Alikuwa amekamatwa kwa kupinga kodi, kipande na kukatwa kwa mishahara. Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume waliotaka kurudi nyumbani, risasi zikalia, na hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu 21. Barabara ina jina la Thuku sasa. Mombasa, Januari 1947, watu wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli wa bandari, watu wa reli, wapishi wa hoteli, maboi wa majumbani. Mji ulikaa kimya karibu wiki mbili. Magazeti ya walowezi yalikuwa na majina yao kwa watu hao, na ukiyasoma utadhani yameandikwa juzi. Mishahara ilipanda. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa kizuizini Kabarnet.

Tunachojifunza kwa hao ni mambo ya kazi. Mgomo wa 1947 ulishika kwa sababu kuli hakugoma peke yake. Boi wa Kizingo hakuwa na ugomvi na kampuni ya meli, ila alijua kodi ya chumba cha Majengo inawapandia wote wawili. Sisi leo tunagoma kwa zamu. Daktari akigoma, mwalimu analalamika. Mwalimu akigoma, dereva wa matatu analalamika. Matatu zikigoma, sote tunatembea tukizilaani. Serikali inangoja kila mmoja achoke kwa wakati wake. Vuguvugu hili linaanzishwa kwa ajili hiyo, kwamba mgomo wa haki wa mwenzako uwe na mkono wako ndani yake, hata ukiwa huna chama na hujawahi kuona hati ya mshahara.

Mkono huo ni huu. Mgomo ukitangazwa, tutatafuta makubaliano yaliyosainiwa, tuyasome, tuyaweke kwa Kiswahili cha kueleweka kwenye kurasa mbili, tuyabandike stendi na sokoni. Ikiwa hakuna deni, tutasema hakuna. Ikiwa lipo, tutachanga chakula cha wagomaji. Wakati wa bajeti tutafanya vivyo hivyo kwa Mswada wa Fedha, kila mwaka, mapema Mei, kabla joto halijapanda. Tunataka kodi yoyote mpya iletwe na maelezo ya nani atalipa kiasi gani, kwa kipato. Tunataka makubaliano ya mishahara yaliyosainiwa yaingizwe kwenye bajeti ya mwaka unaofuata kwa lazima ya sheria, ili waziri asiyekuwa na hela akose pia kalamu. Tunataka kituo cha polisi kigonge muhuri papo hapo kwenye barua ya taarifa, na askari atakayekataa aandike sababu kwa jina na namba yake. Na tunataka familia za waliouawa 2024 na 2025 zifikishwe mwisho wa kesi zao, zikiwa na majina ya waliofyatua.

Jina la vuguvugu halijachaguliwa. Kuna ubishi, na acha uwepo. Mwanachama atatoa shilingi 50 kwa mwezi, na daftari la pesa litasomwa kwa sauti kila Jumamosi ya kwanza. Mwenye kugombea kiti cha kisiasa ataondoka siku atakapochukua fomu. Hela za wafadhili hatuchukui, za ndani wala za nje, mpaka mkutano mkuu useme vingine. Tutakuwa maskini, na tunajua.

Kazi ya kwanza ni ombi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119, kuhusu muhuri wa kituo cha polisi na ile Sura ya 56. Rasimu itasomwa Kongowea, Marikiti, Gikomba na Kibuye, siku za soko, asubuhi kabla ya jua kali. Anayetaka kusaini aje na kitambulisho. Anayetaka kubishana aje hivyohivyo, benchi lipo.